Buti za injinia na buti za pete: dalili, chanzo na dawa

Buti isiyo na kamba inashikwa na mguu mahali pamoja tu: mgongo wa mguu, pale ambapo kiatu cha kamba kingefungwa fundo. Kisigino kinafuata tu, na vidole havishiki kitu. Anayelijua hili atatatua nusu ya matatizo kabla hajamwita fundi, na akiwa soko la Owino, Kampala, ameinamia rundo la mivumba (mitumba) atajua jozi ya kuacha hata kabla ya kuuliza bei.

Buti ya injinia ina shingo ndefu, ya inchi 11 hivi, mkanda wenye bizimu juu ya mgongo wa mguu na mkanda mwingine mdogo kwenye mdomo wa shingo. Zilianza Marekani miaka ya 1930 kama viatu vya kazi. Hazina kamba ya kunaswa na mtambo wala ulimi wa kuingiza cheche, na zinavuliwa haraka. Baadaye waendesha pikipiki wakazipenda kwa sababu hizohizo. Buti ya pete ina pete ya chuma kila upande wa kifundo, na kwenye kila pete mikanda mitatu inakutana: mmoja unapita mbele, mmoja nyuma ya kisigino, mmoja unashuka kwenye soli. Jina linalojulikana zaidi kwa hizi ni Frye, kampuni iliyoanza Massachusetts mwaka 1863. Zote mbili huonekana kwenye mivumba, zikiwa zimechanganyika na nakala za plastiki, na kwa macho ya haraka zinafanana.

Kisigino kinapanda kila hatua

Vaa buti na soksi utakazozitumia siku zote, kaza mkanda, tembea hatua ishirini huku mtu akikutazama kwa nyuma. Buti mpya yenye soli ngumu ikipandisha kisigino sentimita moja hivi, haina kosa. Soli bado haijazoea kupinda, kwa hiyo mguu unapinda peke yake na kisigino kinajinyanyua. Wiki mbili au tatu za kuvaa zitapunguza mwendo huo. Lakini kama ni mivumba ambayo soli yake imeshalainika na kisigino bado kinapanda, usisubiri chochote. Imeshafika mwisho wa kubadilika.

Kikipanda zaidi ya sentimita moja na nusu, bonyeza ngozi kwa kidole gumba juu ya mgongo wa mguu, chini kidogo ya mkanda. Ngozi ikizama kwanza kwenye hewa kabla ya kugusa mguu, koo la buti, yaani ile njia inayopita juu ya mgongo wa mguu, ni pana kwako. Dalili nyingine ni ya masikioni: mguu unapoingia unapaswa kukwama kidogo kwenye koo, kisha utumbukie na hewa itoke kwa mlio. Mguu unaoteleza hadi chini kimya kimya kama unaingia kwenye gamboti haujashikwa na kitu.

Sasa tenganisha mambo mawili. Angalia mzizi wa kidole gumba: uko pale soli ilipo pana zaidi? Kama ndiyo, urefu ni sahihi na tatizo ni koo tu. Weka soli ya ndani ya ngozi au ya sufu nzito, unene wa milimita 3, iende kutoka kidoleni hadi kisiginoni. Inaunyanyua mguu mzima mpaka mgongo wake uguse ngozi. Kipande kidogo cha kuweka nyuma ya kisigino, ambacho wengi hukimbilia, kinausukuma mguu mbele tu na koo linabaki wazi vilevile. Unaweza pia kutoboa tundu moja zaidi kwenye mkanda, sentimita moja kutoka la mwisho, lakini mkanda wa buti hii si kamba: ukiuvuta sana unakunja ngozi chini yake na mkunjo huo utakuuma.

Kama mzizi wa kidole gumba uko nyuma ya sehemu pana, buti ni ndefu. Hiyo haina dawa. Iache.

Namba zinadanganya hapa kuliko kwenye kiatu kingine chochote. Namba 9 ya wanaume ya Marekani ni 8 ya Uingereza, na buti hizi kwa kawaida huvaliwa nusu namba hadi namba nzima chini ya raba za michezo. Kwenye mivumba namba mara nyingi imefutika, kwa hiyo nenda na kijiti chembamba. Nyumbani simama na kisigino ukutani, pima mguu mrefu zaidi. Sokoni ingiza kijiti ndani ya buti mpaka kiguse mbele, weka alama pale kinapogusana na ukuta wa kisigino, kisha pima. Unataka nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 zaidi ya mguu. Yenye chuma cha vidoleni, chukua hiyo 1.5.

Mguu hauingii, au jioni hautoki

Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na aliyetoka Masaka hadi Kampala kwa pikipiki kwenye jua anaujua uzito wake jioni. Kwa hiyo jaribu buti mchana, usijaribu asubuhi. Fungua mikanda yote miwili hadi tundu la mwisho, vaa kavera (mfuko wa plastiki) juu ya soksi, ingiza mguu kwa kuvuta vishikio vya ndani ya shingo, kisha chomoa kavera kwa juu. Kama ukiwa na kavera mguu unaingia na bila kavera hauingii, koo linabana kidogo tu na litaachia. Kama hata na kavera umegoma, fundi mwenye kalibu, lile umbo la mguu la kutanulia viatu, anaweza kulipanua koo kwa milimita chache, akilowesha ngozi kwa spiriti na maji nusu kwa nusu kabla ya kupanua. Milimita chache, si namba nzima. Sehemu yenye chuma haipanuki hata kidogo.

Kuvua usikanyage kisigino cha buti moja kwa ncha ya nyingine. Ndivyo mshono wa nyuma unavyofumuka na ukuta wa kisigino kulegea, halafu unarudi kwenye kisigino kinachopanda. Mwambie seremala akukatie kibao cha urefu wa sentimita 45 na upana wa 12, chenye mkato wa umbo la V upande mmoja, upana wa sentimita 7 mdomoni, na kipande cha mti cha sentimita 5 kikipigiliwa chini karibu na mkato ili kibao kiinuke. Kanyaga nyuma kwa mguu mmoja, bana kisigino cha mwingine kwenye mkato, vuta. Bandika ngozi laini ndani ya mkato isichubue.

Vidole vinaumwa juu

Tafuta mahali panapouma ukiwa umeinama, kwa sababu ukisimama wima maumivu hupotea. Kwenye buti isiyo na chuma, ni mkunjo wa ngozi unaoshuka juu ya vidole. Ngozi nene, ya milimita 2 hadi 3, hukunjika mahali pa kwanza ilipopindwa na hairudi nyuma. Buti ikiwa mpya bado, amua mwenyewe mkunjo ukae wapi: vaa, weka kalamu ya mviringo juu ya ngozi pale mguu wako unapopinda, kisha pinda mguu polepole mara tano au sita. Kwenye mivumba mkunjo ni wa mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kama hauendani na wako kwa zaidi ya sentimita moja, utapigana nao miezi.

Kwenye buti yenye chuma, kinachouma ni ukingo wa nyuma wa chuma hicho. Ingiza mkono, upapase. Utakuta utepe wa ngozi au raba umefunika ukingo. Ukiwa umetoka, fundi agundishe mwingine wa upana wa sentimita 2. Utepe ukiwa mzima na bado panauma, basi sehemu ya kupinda ya buti na ya mguu wako hazikutani, na hakuna utepe utakaoziunganisha.

Pete inagonga mfupa wa kifundo

Geuza buti kwanza, utazame kisigino cha chini kabla ya kuitazama pete. Kisigino kilicholika upande wa nje kwa milimita 5 kinaulaza mguu wote nje, na mfupa wa kifundo unaifuata pete. Kubadilisha kipande cha chini cha kisigino ni kazi ndogo, na mara nyingi pete inaacha kuuma siku hiyohiyo. Ukichelewa, ulikaji unaingia kwenye tabaka za ngozi juu yake na kazi inakuwa ya kujenga kisigino upya.

Kisigino kikiwa sawa, papasa ndani ya shingo nyuma ya pete. Buti nyingi za pete hazina bitana hapo, na kichwa cha ribiti au fundo la uzi linatokeza. Gongea ribiti juu ya chuma laini, kisha gundisha kipande cha sufu nzito cha milimita 3, kikubwa kuliko pete kwa sentimita moja kila upande. Kama ni shingo inayojikunja na kuuma nyuma ya kifundo, hiyo ni tabia ya shingo laini kulegea. Soksi ndefu nene zinatosha hadi mkunjo utulie.

Soli

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo sokoni tazama soli kabla ya kutazama ngozi.

Kandamiza ukucha kwenye ukingo wa soli, karibu na tao, pale katikati palipoinuka, kisha pinda buti kwa nguvu. Ikitoa chembe kama mkate mkavu au ikinata kidoleni, ni soli ya poliyurethani iliyokufa. Unyevu wa hewa huivunja kutoka ndani mwaka hadi mwaka, hata buti ikiwa haijavaliwa kamwe, na ndiyo maana jozi inayong'aa kabisa inaweza kumwacha mtu peku katikati ya barabara. Gundi haisaidii, kwa kuwa kinachobanduka ni soli yenyewe, si kiungo chake. Dawa ni soli mpya nzima, na hiyo inategemea buti ilivyojengwa.

Ijue hivi. Kuna utepe wa ngozi unaozunguka buti juu ya soli, uitwao welti. Ingiza ncha ya sindano chini ya mshono mmoja wa welti. Uzi wa kweli utanyanyuka. Plastiki iliyochongwa ifanane na uzi haitanyanyuka, na hapo ujue buti imegundishwa tu. Kisha nyanyua soli ya ndani: pakiwa laini bila mshono na uzi wa nje ni wa kweli, buti ina welti na inaweza kuwekwa soli mpya mara kadhaa. Ukikuta mstari wa mshono ndani, soli imeshonwa moja kwa moja hadi ndani. Inashoneka tena, ila maji hufuata uzi na kuingia.

Soli iliyobanduka mbele kwa sentimita chache inagundishika, na inaposhindikana sababu huwa moja kati ya tatu: vumbi, unyevu, au haraka. Safisha nyuso zote mbili kwa msasa mkavu namba 60 mpaka zote ziwe na manyoya manyoya, futa vumbi kwa brashi, kisha kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na uache ikauke. Paka gundi ya viatu safu nyembamba pande zote mbili. Upande wa ngozi paka mara ya pili kwa kuwa safu ya kwanza inanywewa. Subiri dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kwa kifundo cha kidole isinate. Hapo ndipo unaunganisha, mara moja bila kusogeza, na kugonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda pembeni. Usivae kwa saa 24. Gundi ile ya tone moja inayoshika papo hapo inakauka kama kioo, na soli ikipinda inavunjika ikiwa na ngozi yake.

Ukimpelekea fundi buti yenye welti, mwambie waziwazi: "Fundi, naomba usipige misumari, na ushone kwenye mashimo yaleyale." Misumari hupasua bapa la soli ya ndani, na mashimo mapya kando ya yale ya zamani huigeuza welti kuwa kama karatasi ya stempu, ikavutwa kidogo inachanika mzunguko mzima. Uzi uwe wa nailoni au poliesta uliopakwa nta, unene wa karibu milimita 1.

Wengi watakushauri uweke soli ya tairi, kama ya lugabire, zile ndala za tairi. Tairi haiishi, hilo ni kweli. Lakini kwa buti hizi ni nzito na haipindi, na soli isiyopinda ndiyo inayopandisha kisigino. Utakuwa umenunua upya tatizo la kwanza. Tena matairi mengi ya magari ya siku hizi yana nyaya za chuma ndani ambazo hutokeza zikikatwa. Bapa la raba ya soli la milimita 6, na raba nene zaidi kisiginoni, linatosha murram na lami.

Ngozi imepata unga mweupe

Unga huu ni wa aina tatu na dawa zake hazifanani. Chota maji ya moto kwenye kikombe, chovya kijiko cha chuma, kikaushe, kisha kipitishe karibu na unga. Ukiyeyuka na kupotea, ni mafuta ya ngozi yenyewe yaliyopanda juu. Sugua kwa kitambaa na usiongeze mafuta mengine kwa sasa. Ukiwa mistari migumu kwenye ukingo wa mahali palipolowana, ni chumvi. Inatoka kwa kitambaa chenye maji, mara mbili tatu, buti nzima na si doa peke yake, la sivyo unahamisha mstari tu. Ukiwa madoa ya mviringo yenye manyoya na harufu ya chumba kilichofungwa, ni ukungu.

Ukungu ni mgeni wa misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na anayemkaribisha ni yule anayehifadhi buti ndani ya kavera. Toa buti nje, piga brashi kavu upepo ukipeperusha, futa kwa siki nyeupe na maji kiasi sawa, nje na ndani hadi kwenye vidole, halafu kausha siku mbili kivulini. Baada ya hapo ihifadhi kwenye mfuko wa nguo, na nafasi ya kupita hewa chini yake. Kitambaa ulichofutia kitupe au ukifue kwa maji ya moto. Kikikauka hivyohivyo kinaubeba ukungu hadi jozi nyingine.

Ngozi imekauka na kujikunja

Karibu kila mara chanzo ni sigiri. Buti imelowa jioni, inatakiwa asubuhi, inawekwa karibu na makaa. Ngozi iliyolowa haistahimili joto kama kavu: ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti huanza kusinyaa ikifika nyuzi 70 hivi, na iliyosinyaa haifunguki tena kwa mafuta yoyote. Osha tope jekundu kwanza kwa maji na brashi laini likiwa bado bichi, kwa sababu vumbi la murram likikaukia kwenye mikunjo linasaga ngozi kila hatua. Jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa moja, kisha kila yanapolowa. Laza buti ubavu ili soli nayo ipate hewa. Saa 24 hadi 48, kivulini. Ndiyo maana anayevaa buti kila siku msimu wa mvua anahitaji jozi mbili.

Mafuta yapakwe ngozi ikiwa karibu kukauka kabisa. Ya kupikia hapana: yanachacha, yananata na yanaita panya. Oili ya injini hapana: inaozesha uzi na kulainisha gundi. Uganda ina kitu kizuri kuliko vyote hivyo, mafuta ya shea ya kaskazini, yale ya moo yaa. Yeyusha sehemu tatu za mafuta hayo na sehemu moja ya nta ya nyuki ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 au zaidi kidogo. Yakipoa yawe kama samli iliyoganda. Kijiko kimoja cha chai kinatosha buti moja: paka kwa vidole, sisitiza mikunjo na mishono, acha usiku kucha, futa yaliyobaki. Mara tatu kwa mwaka. Anayepaka kila wiki atapata shingo inayoanguka kama soksi, na koo linalolegea.

Nyufa zilizoshaingia hadi kwenye nyuzi za ngozi hazifungi. Ila kabla hujakata tamaa, kwangua kidogo kwa ukucha: kama kinachobanduka ni ngozi ya juu nyembamba kama karatasi na chini yake kuna kitambaa, hiyo haikuwa ngozi tangu mwanzo.

Mambo ya pikipiki

Buti ya kushoto ikichubuka juu ya vidole ni gia. Shona au gundisha kipande cha ngozi cha milimita 2 kabla uzi wa mbele haujakatika. Soli ya kulia ikiyeyuka ukingoni, mguu unalala kwenye ekzosi. Na kama bizimu ziko upande wa ndani, zikikwaruza injini, mikanda imerudishwa vibaya na mtu aliyeitengeneza: bizimu hukaa nje siku zote.

Bizimu, pete na milio

Weka sumaku. Ikishika, ni chuma kilichopakwa, na kutu itaanzia kwenye pini; msasa laini, kisha nta. Isiposhika na kukawa na ute wa kijani pale ngozi inapogusa, ni shaba inayojibizana na mafuta ya ngozi. Ukwangue kwa kijiti cha mti, futa kwa spiriti. Bizimu ikivunjika, pima upana wa ndani, si wa nje, kabla ya kwenda kutafuta. Pete ya kawaida mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, watakukunjia wakiona ya upande wa pili. Mkanda mpya uwe wa ngozi ya magome, unene wa milimita 3.

Buti ikilia kwa kila hatua, nyunyiza poda chini ya soli ya ndani. Ikiendelea, ishike kisigino na ncha, uipinde: ikipindia kwenye tao badala ya vidoleni, bapa la chuma la tao limevunjika au limeachia. Usiivae hivyo kwenye pikipiki, kwa kuwa tao ndilo linalokaa juu ya kikanyagio. Fundi atalazimika kuifungua soli, kwa hiyo mpelekee siku unayotaka soli mpya pia.